Kumrudisha Gulabrao Nyumbani

Hosteli ya Wasichana,
Amravati.
24 Aprili 1989

Shoga yangu Chhaya,

Salamu zikufikie huko Pimpalkhed, kama barua hii haitaiva njiani kwa joto. Mimi nipo, nimechoka. Sijui ni jua au ni shahada hii. Tumemeza saikolojia, takwimu, sheria za jamii, sera za serikali, kazi na mtu mmoja, kazi na kikundi, kazi na jamii nzima, tukafanya mitihani, nikadhani tumeshavuka mto. Kumbe mto wenyewe ndiyo haya mazoezi ya mwisho. Wewe wamekupeleka kijijini kwenye shirika la wanawake, mimi wamenitupa hospitali ya wagonjwa wa akili, wodi ya wanaume waliokaa muda mrefu.

Kila jioni naandika mazungumzo yangu na wagonjwa neno kwa neno: yeye kasema hivi, mimi nikasema vile, yeye kanyamaza, mimi nikahisi nini. Asubuhi Madamu Pophale, mwalimu wetu, anayasoma na kalamu yake nyekundu. "Kwa nini ulimkatiza?" "Hisia hizi ni zako au zake?" Jana kaandika pembeni: "Hapa ulikuwa unajisikiliza mwenyewe." Nikaenda bafuni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kumsalimia kwa adabu.

Baba naye kaniandikia. Anauliza nikimaliza nitaitwa nani. Kusaidia watu, anasema, hata bibi yako alisaidia, na hakulipiwa hosteli.

Sasa nina ombi. Wodini kwangu kuna mtu wa huko huko uliko, Gulabrao Ingole. Mdogo wake, Sheshrao, alimleta hapa miaka kumi na miwili iliyopita, alipokuwa anasikia sauti na kukimbia uchi kwenye mashamba ya pamba. Alipona zamani. Siku hizi anafuma mazulia kwenye karakana ya hospitali, hana neno na mtu. Daktari ameshasema aende. Lakini kwenda wapi? Hospitali inaandika barua nyumbani kwake, hakuna anayejibu. Na wodi yetu inapunguzwa: mwisho wa Mei, asiyechukuliwa na jamaa yake atapelekwa kwenye makao ya wasiojiweza, wilaya nyingine kabisa. Sijasikia aliyepelekwa huko akarudi.

Yeye hana wasiwasi. "Binti," ananiambia, "mwambieni Anusaya tu. Barua zenu nani anamsomea, naye hajui kusoma? Mke wangu akijua, atakuja hata kwa miguu." Alimwacha na binti mmoja, Kusum.

Nifanyie ziara ya nyumbani, shoga. Nenda ukamtafute huyo Anusaya. Najua una kazi zako, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ubebe kidogo.

Wako,
Mrunal


Pimpalkhed,
30 Aprili 1989

Mrunal wangu wa machozi ya bafuni,

Barua imefika nzima, mimi ndiye niliyeiva. Unalalamikia kalamu nyekundu? Njoo huku uone "kazi na jamii". Ile mbinu tuliyosomeshwa ya kukaa na wanawake kwenye duara ili kila mmoja awe sawa na mwenzake, nimeijaribu. Wamekaa duara, vizuri kabisa. Lori la maji likapiga honi barabarani, duara likainuka na ndoo zake, nikabaki mimi na mbuzi. Kesho yake bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, wewe unataka tuzungumzie shida, na shida yenyewe ilikuwa inaondoka na lori."

Lakini kwa Ingole nimekwenda, usinidai tena.

Sheshrao si mtu mbaya wa kumtazama. Alinitandikia mkeka barazani, akaagiza chai. Nilipotaja hospitali ya Amravati, akakunja uso.

"Dada, umetoka serikalini?"

"Hapana, mimi mwanafunzi."

"Mwanafunzi wa nini?"

"Kazi ya jamii."

"Basi fanya ya jamii," akasema. "Hii ni ya nyumbani."

Nikashikilia. Nikauliza, "Na mke wa Gulabrao, Anusaya, yuko wapi?" Akainamisha macho kwenye kikombe chake. "Gulabrao hana mke humu ndani," akasema. "Kunywa chai, dada, inapoa."

Nilitumia macho, kama Madamu anavyotufundisha, tutazame kabla ya kuuliza. Nyumba ile ina wanawake wawili. Mke wa Sheshrao, mnene, tone jekundu usoni kama sarafu, bangili za kijani mpaka karibu na kiwiko, alama zote za mke mwenye mume. Na mjane mmoja mwembamba, paji la uso tupu, mikono mitupu, shingo tupu, sari imepauka. Huyo ndiye aliyeleta chai, kisha akasimama nyuma ya mlango asionekane. Dada yao, nadhani, amerudi kwao baada ya kufiwa. Mwanamke mwingine hakuna.

Basi, shoga, Anusaya hayupo. Ama alirudi kwa wazazi wake, ama alishafariki, na kwa jinsi yule bwana alivyoinamisha macho, mimi nasema alifariki. Pole. Nilitamani nikuandikie lingine.

Wako wa mavumbi,
Chhaya


Amravati,
6 Mei 1989

Chhaya,

Nimemwambia.

Nilikaa naye kwenye benchi nje ya karakana. Nilichagua maneno, nikaacha nafasi ya ukimya, nikafanya kila kitu kama kilivyoandikwa vitabuni. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Alikufa kwa ugonjwa gani, binti?" Nikasema sijui. "Kusum alikuwa naye?" Nikasema sijui. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumtafuta kinyozi wa wodi. Akanyolewa nywele na masharubu yote kama mfiwa, akaoga maji ya baridi na nguo zake mwilini, akakaa chini kuelekea ukuta. Hafumi. Chakula anakula kidogo tu, bila chumvi. Bila masharubu anaonekana mtoto mzee.

Madamu alisoma maandishi yangu ya siku ile, kalamu hakuigusa. Hilo lilinitisha kuliko wino.

"Nani alikuambia mkewe amekufa?"

"Mwenzangu, Madamu."

"Mwenzako aliambiwa na nani?"

Nikafungua barua yako nikaisoma tena mbele yake. Chhaya, hakuna mtu aliyekuambia. Sheshrao alisema hana mke humu ndani. Kumwua tumemwua sisi wawili, wewe kwa kukisia, mimi kwa kuamini. Wanafunzi wawili wa shahada ya juu, na hatukumuuliza hata mtu mmoja swali la pili.

Sikulaumu. Au nakulaumu kidogo, halafu najilaumu, halafu nachoka. Nenda tena. Uliza kwa mdomo. Kama ni kweli, basi tumjue alikufaje na binti yuko wapi, huyu mzee apate pa kushika. Kama si kweli, Mungu atusamehe.

Mrunal


Pimpalkhed,
11 Mei 1989

Mrunal,

Kaa chini kwanza.

Sikwenda tena kwa Ingole. Wa kwao alinijia mwenyewe. Jana tulikuwa na kikao cha wanawake, na safari hii nilikiweka penye kituo cha lori la maji, nimeshapata akili. Wenzake walipoondoka na ndoo, yule mjane mwembamba alibaki akijidai anafunga kitambaa cha kichwani.

"Yule mtu wa Amravati," akasema bila kunitazama, "bado anakula kitunguu kibichi na kila kitu?"

"Mtu gani, mama?"

"Uliyemuulizia kwa shemeji."

"Unamjua?"

"Nimezaa naye."

Mrunal! Nilimwangalia lile paji, ile mikono, nikasema kwa ujinga kabisa, "Lakini wewe ni mjane."

"Ndiyo," akasema. "Na yeye yuko hai. Yote mawili."

Ilikuwa hivi. Mwaka uliofuata baada ya Gulabrao kupelekwa hospitali, watu wa mji wa Darwha walimtaka Kusum kwa mtoto wao. Watu wa heshima, wana ng'ombe, wana kisima. Wakauliza habari za baba. Ungesema ni kichaa amefungiwa Amravati, nani angemchukua binti? Wangesema damu imeoza. Mvua ya mwaka ule mto ulichukua watu. Sheshrao akasema kaka yake naye, aliyekuwa Amravati kwa kibarua, kachukuliwa na mto. Kwa kuwa maiti hakuna, kuhani akafinyanga mtu wa majani na unga, wakamchoma kama maiti. Na Anusaya wakamvunjia bangili kizingitini, wanawake wa kijiji wamemzunguka wanalia.

"Nami nikalia," ananiambia. "Sikuigiza, mwanangu. Kilio kilikuwa cha kweli, hapo ndipo ubaya wake ulipo."

Tangu siku hiyo haitwi harusini, haonyeshwi bibi harusi mpya asije akamtia nuksi, anakula mwisho. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka marehemu, wanamwekea kunguru wali wake, na anayeupika ni yeye. Kusum mwenyewe hajui. Ana watoto wawili sasa, na mama mkwe wa kumhesabia kila punje ya mtama. Baba akirudi hapa kijijini akatembea barabarani, kabla ya wiki Darwha wamesikia, na Kusum anarudishwa na watoto mgongoni.

Nikamuuliza kama anamchukia Sheshrao. Akanishangaa. "Kamwoza binti yangu kama binti yake. Kanilisha. Ningemchukia kwa nini?"

Miaka miwili nimesomeshwa namna ya kuamsha jamii ijitetee. Sasa niambie, hapa namtetea nani dhidi ya nani? Nimekaa na mbuzi wangu nikalia, na huku hakuna hata bafu la kujifichia.

Mwambie mzee kwamba mkewe yu hai. Hilo tu lisingoje.

Chhaya


Amravati,
16 Mei 1989

Chhaya mpenzi,

Nilimwambia yote. Madamu aliniuliza nina haki gani ya kumficha mtu habari za kifo chake mwenyewe, nikaenda.

Kwanza nilisema Anusaya yu hai. Alilia kwa sauti hadi wauguzi wakaja na sindano, nikawazuia. Kisha nikasema yaliyobaki.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekufa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kwa maji?"

"Kwa maji."

"Afadhali. Kuogelea kweli sijui, wamedanganya vizuri." Akacheka. Chhaya, alicheka, na mimi nikacheka naye, sijui hata kama inaruhusiwa. Kisha akauliza, "Kusum ana watoto?" Nikamwambia wawili. Uso ukamlainika, akawa anavipapasa vidole vyake vya kufumia.

"Basi niacheni huko huko nilikofia," akasema. "Nitaenda hayo makao. Mwambie Anusaya asije akayaharibu. Amelipa sana."

Nikamwendea Madamu na somo letu mkononi: mteja ana haki ya kuamua mambo yake mwenyewe. Ameamua. Tufunge jalada. Nakwambia ukweli, nilifurahi. Nilitaka tu liishe. Nimechoka kumpenda mzee huyu wakati tumefundishwa kuzishika hisia zetu kwa kipimo, na mimi kipimo changu kilishamwagika.

Madamu akavua miwani. Nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi naye alivyochoka. "Mteja mmoja ameamua," akasema. "Na yule wa pili, kuna aliyemuuliza?"

Hakuna, Chhaya. Tangu mwanzo watu wanaamua juu ya Anusaya: shemeji, kuhani, Darwha, sasa mumewe. Nenda ukamuulize anataka nini. Usimshawishi, usimwonee huruma usoni, uliza kisha unyamaze. Zimebaki wiki mbili tu kabla lile gari la makao halijaja. Hapa wamo watu ambao wameshaanza kufunga vifurushi vyao.

Mrunal


Pimpalkhed,
23 Mei 1989

Mrunal,

Nilimuuliza. Alikuwa anasaga mtama, na kwanza alinicheka hadi akashika mbavu.

"Ninyi watoto! Mnauliza mtu 'unataka nini' kama mnauliza chai na sukari." Akaendelea kusaga. "Tangu nizaliwe wewe ni wa kwanza. Ngoja, nifikirie. Sina mazoea."

Nikangoja. Siku ya kwanza hakusema kitu. Ya pili vilevile. Nilitaka kumsukuma, nikakumbuka kalamu nyekundu, nikauma ulimi. Leo asubuhi nasikia kijiji kizima kinasema: mjane wa Gulabrao anakwenda kuhiji Pandharpur, akaishi huko hekaluni kwa Bwana Vithoba mpaka Mungu amchukue.

Unaona alivyofanya? Mke mwenye mume akitoka nje ya lango, kila mtu anauliza anakwenda wapi na atarudi lini. Mjane akisema anakwenda kwa Mungu, nani atamuuliza? Wamemfunga kwa ujane, na ujane huohuo ndio aliofungulia mlango. Majirani wamemletea unga na achari ya embe, wanamwomba awaombee. Yule mke wa Sheshrao, ambaye miaka yote hajamruhusu kumgusa bibi harusi, kamkumbatia.

"Kusum atajua niko Pandharpur," aliniambia. "Nitamtumia salamu za huko. Dhambi ya uongo ninayo moja kubwa tayari, hii ndogo itajibana humohumo."

Mchana huu Sheshrao alimsindikiza mpaka kwenye basi, mimi nyuma na kifurushi. Hakusema lolote njia nzima. Basi lilipowashwa moto, aliinama akagusa miguu ya shemeji yake kwa heshima, mbele za watu, akampa mwavuli mpya.

"Shemeji," akasema, "mpe Vithoba mwavuli huu, jua la huko kali. Mwambie mdogo wake anamsalimu."

Kisha akageuka upesi, akaenda zake.

Anakuja kwa mumewe. Atalala kwa binamu yangu pale Badnera, jirani na hapo ulipo, ili Madamu apate nafasi ya kutafuta chumba. Usimwache asubiri lango la hospitali peke yake, tafadhali.

Wako,
Chhaya


Amravati,
29 Mei 1989

Shoga yangu,

Leo Anusaya amekuja. Nakuandikia kabla sijala, kwa sababu nikila nitalala.

Madamu amepata chumba kimoja nyuma ya ushirika wa wafumaji, na Gulabrao atafuma hapohapo. Chumba chenyewe ni kibaya, bati linawaka, jiko liko nje. Mwenye nyumba hakuuliza maswali, ndiyo sifa yake pekee.

Nilimpokea langoni. Nikamwongoza uani. Gulabrao alikuwa kwenye benchi, amevaa shati alilopigiwa pasi na wenzake wa wodi, nywele ndiyo kwanza zinaota. Akasimama. Walitazamana kwa mbali, hakuna aliyemgusa mwenzake. Mimi nikajidai nasoma tangazo ukutani.

Mzee ndiye aliyeanza. "Pole kwa msiba," akasema.

"Nimeshapoa," akajibu Anusaya. Kisha, "Pole na wewe. Nasikia na mimi nilikufa."

"Mwezi huu huu."

"Kumbe. Ulinyoa?"

Akainamisha kichwa amwonyeshe. Anusaya akapeleka kiganja, akapapasa vile vinywele vifupi, polepole, mbele ya uwanja mzima wa wagonjwa. Huko ofisini kwa Madamu niliona pazia linasogea.

Basi, kumbe bado. Kumtoa mgonjwa lazima jamaa aweke sahihi kwa karani, na karani wetu ni mzee wa kijijini, mkali, wa miwani puani. Akamwangalia Anusaya juu mpaka chini: paji tupu, mikono mitupu.

"Wewe ni nani wake?"

"Wa nyumbani kwake."

"Wa nyumbani vipi? Dada yake?"

"Mke."

"Mke!" Akatugeukia sisi. "Mnaniletea mjane mnasema ni mke wa mtu aliye hai? Kesho nikiulizwa nimempa nani mgonjwa, nitasema nini?" Akamrudia. "Haya, mama. Taja jina la mumeo, nilinganishe na la kwenye jalada. Ukilijua, nitakuamini."

Anusaya akavuta ncha ya sari mbele ya uso. Akanyamaza.

"Mnaona?" karani akasema. "Hata jina halijui."

Chhaya, wiki zote hizi, miaka yote miwili, kufika mlangoni turudishwe kwa hilo! Nilifungua mdomo nimtajie. Madamu akanikanyaga mguu, na akaukanyaga kwa nguvu. Gulabrao kule kwenye benchi alikuwa ameshaanza kukifunga upya kifurushi chake, kama mtu anayekwenda mbali.

"Nalijua," Anusaya akasema ndani ya nguo. "Kila mwaka, bwana, tukimwekea kunguru wali, kuhani ananiambia, taja jina la marehemu mumeo. Sijalitaja hata mara moja. Wakanitukana, wakasema kiburi, nikanyamaza. Asiye na mume ndiye anayeweza kulitaja. Mimi wangu yuko hai, na mke akimtaja mumewe kwa jina anampunguzia umri. Kwa hiyo na wewe nisamehe. Sikutajii."

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasogeza kidau cha wino upande wa Anusaya.

"Weka dole gumba hapa, dada," akasema. "Na mkuu wako wa nyumba, asiyetajwa jina, akuongoje nje."

Wako,
Mrunal